Mjane wa Hekaluni na Sisi Tunaohesabu Sadaka

Katika sharika zetu kuna hadithi za Biblia zinazosomwa mara moja kwa mwaka, na kuna nyingine zisizo na msimu. Hadithi ya mjane maskini aliyetia sarafu mbili katika sanduku la hazina (Mk 12:41–44, Lk 21:1–4) ni ya kundi hili la pili. Husomwa wakati wa mavuno. Husomwa jengo linapofikia hatua ya kuezekwa. Husomwa waraka wa malengo ya mwaka unapofika kutoka ofisi ya dayosisi. Na hata pale ambapo somo la siku ni lingine kabisa, mwenye kutangaza sadaka huigusa kwa maneno machache kabla vikapu havijaanza kuzunguka. Karibu kila Mkristo wetu anaijua kwa moyo, hata mtoto wa shule ya Jumapili. Ndiyo sababu inafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kufahamu jinsi watu wa leo wanavyozifasiri hadithi za Biblia, na hasa jinsi wanavyochagua mahali pa kusimama ndani yake.

Ufafanuzi uliozoeleka waweza kuelezwa kwa ufupi. Mjane ni kielelezo cha mtoaji mwema, matajiri ni mfano wa watoaji wanaobakiza, na Yesu ndiye mkaguzi aliyeketi akiangalia nani ametia kiasi gani. Kutokana na hayo msikilizaji huagizwa atoe mpaka aumie. Katika miaka ya karibuni, kwa njia ya redio, televisheni na sasa simu za mkononi, ufafanuzi huo umeongezewa kipande ambacho wazee wetu hawakukihubiri: kwamba sadaka ya mjane ilikuwa mbegu, na kwamba bila shaka aliivuna mara mia. Wahubiri wetu wa Kilutheri huwacheka wanaosema hivyo, lakini nao mara nyingi hupita njia ile ile, ila kwa hatua za polepole zaidi. Ukweli ni kwamba Marko hasemi mjane alipata kitu. Hasemi hata kwamba alisikia neno lililosemwa juu yake. Anatoka Hekaluni, nasi hatumwoni tena.

Tulitazame fungu lenyewe. Mishna, katika sehemu iitwayo Shekalimu (6:5), inasema kwamba Hekaluni palikuwa na masanduku 13 yenye umbo la baragumu kwa ajili ya michango mbalimbali. Mjane alitia lepta mbili, nazo Marko anazieleza kwa wasomaji wake kuwa sawa na kodrante moja ya Kirumi. Dinari moja, ambayo katika Mathayo 20 ni ujira wa kibarua wa siku nzima, ilikuwa na kodrante 64. Tukiseme jambo hilo kwa hesabu ya kwetu: kama kibarua angelipwa shilingi 6,400 kwa siku, basi sarafu zote mbili za mama huyu zingekuwa shilingi 100. Zilikuwa ndogo mno kuongeza hata jiwe moja katika jengo ambalo Herode alianza kulijenga upya yapata mwaka 20 kabla ya Kristo. Hata hivyo kwake yeye, asema Marko, zilikuwa *bios* yake yote. Neno hilo la Kiyunani lina maana ya maisha, na pia kile kinachoyaendesha maisha. Union Version yetu ya mwaka 1952 imetumia neno zuri sana, riziki, na sioni neno linaloweza kulishinda. Mtu anapotoa riziki yake yote, anayesimulia hana budi kuulizwa kilichofuata.

Hapa ndipo swali la mipaka ya hadithi linapojitokeza. Marko hakuandika sura wala aya. Mgawanyo wa sura tulio nao huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za aya za Agano Jipya zilitiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Mikono hiyo ilitusaidia sana, lakini pia ilikata. Katika Luka mkato umepita mahali pabaya kuliko pote: aya ya mwisho ya sura ya 20 inawataja waandishi wanaokula nyumba za wajane, kisha sura mpya inaanza, na katika sura hiyo mpya anaingia mjane. Msomaji anayeanza kusoma penye namba kubwa hataona kamwe kwamba ni habari moja. Katika Marko sura haikati hapo, lakini sisi tunakata wenyewe. Kitabu cha masomo cha Kanisa Katoliki kinaruhusu somo fupi linaloanzia aya ya 41. Mpangilio wa masomo wa pamoja wa mwaka 1992, unaotumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani, umefanya vizuri zaidi kwa kuanzia aya ya 38, lakini nao unaacha sura ya 13 kwa Jumapili inayofuata. Na katika sharika zetu, mtu anayetaka kuhimiza utoaji hana haja ya kitabu cha masomo. Huanzia pale anapopahitaji.

Sasa tusome bila kukata, kuanzia 12:38 hadi 13:2. Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi wapendao kutembea wamevaa majoho, kusalimiwa masokoni, kuketi viti vya mbele katika masinagogi na kupewa nafasi za heshima karamuni. Watu hao hao hula nyumba za wajane, na sala zao ni ndefu. Mara moja anaketi kuelekea sanduku la hazina, na mjane anakuja na kutia riziki yake yote. Mara moja tena wanatoka nje, mwanafunzi mmoja anastaajabia mawe na majengo, naye Yesu anajibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kisha anaketi kuelekea Hekalu, juu ya mlima wa Mizeituni. Marko ametumia neno lile lile, *katenanti*, mahali pote pawili: Yesu ameketi kuielekea hazina (12:41), Yesu ameketi kulielekea Hekalu (13:3). Sidhani kwamba jambo hilo limetokea kwa bahati. Aliyetazama sadaka ikiingia ndiye anayetamka hukumu juu ya nyumba iliyoipokea, na mwaka 70 nyumba hiyo ilianguka.

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo msomaji wa lugha nyingi za Ulaya hana. Kwetu kula si kazi ya kinywa tu. Mtu hula fedha za chama, hula rushwa, hula mirathi ya yatima. Kitenzi cha Kiyunani, *katesthio*, kinakwenda njia hiyo hiyo, na Luka anakirudia katika 15:30, pale kaka mkubwa anapolalamika kwamba mdogo wake ameila *bios* ya baba yao. Kwa hiyo tunaposikia juu ya nyumba za wajane kuliwa hatuhitaji mhadhara wa historia. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika sheria za mila za urithi nchini Tanzania, liliweka kanuni kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba wajane wawili wa Tanzania walikuwa wamenyimwa haki zao kwa kanuni za namna hiyo. Wachungaji wengi wameketi katika vikao vya ukoo baada ya maziko na wameona jinsi shamba, ng'ombe na hata vyombo vya jikoni vinavyoweza kuondoka mikononi mwa mama aliyeondolewa mumewe juzi. Mama huyo ndiye anayekuja kanisani Jumapili ya nne, nasi tunamsomea Marko 12, kuanzia aya ya 41.

Miongoni mwa wataalamu, aliyelivunja zoea la kale kwa ukali zaidi ni Addison G. Wright wa Marekani, katika makala aliyoitoa mwaka 1982 katika jarida la Catholic Biblical Quarterly. Aliuliza kama maneno ya Yesu ni sifa au ni maombolezo, naye akajibu kwamba ni maombolezo. Hoja yake yenye nguvu ni Korbani (Mk 7:9–13): Yesu aliyekataa sadaka inayowaacha wazazi bila matunzo hawezi kufurahia sadaka inayomwacha mjane bila chakula. Tena katika fungu hili hakuna agizo lolote. Kwa habari ya Msamaria, Luka ameandika kwamba msikilizaji aliambiwa aende akafanye vivyo hivyo. Kwa habari ya mjane, hakuna mtu aliyeambiwa aende akafanye kama yeye. Agizo hilo tumeliongeza sisi.

Hoja hiyo haikuhitaji kusubiri maprofesa. Katika usharika mmoja niliohudumu tuliwahi kulisoma fungu hili katika jumuiya, nyumbani kwa mzee mmoja, kuanzia 12:38 hadi 13:2, bila mahubiri, kila mtu aseme aliloliona. Wanaume walisema mengi juu ya uaminifu. Bibi mmoja, mjane wa siku nyingi, alinyamaza mpaka karibu na sala ya mwisho, kisha akauliza, «Baba Mchungaji, sasa yule mama jioni ile alikula nini?» Hakuna aliyejibu. Nimefundisha Agano Jipya kwa miaka kadhaa, na sijaona kitabu cha ufafanuzi kilicholiweka swali hilo kwa ufupi namna ile. Linaturudisha moja kwa moja kwenye neno riziki. Mtu wa shibe hulisikia neno hilo kama tamathali ya usemi, bali mama yule alilisikia kama unga.

Hata hivyo sikubaliani na Wright katika kila jambo. Akifuatwa mpaka mwisho, mjane anabaki mtu wa kuhurumiwa tu, aliyedanganywa na dini yake asijue alitendalo. Lakini Yesu anasema ametia zaidi kuliko wote, na mtu hawezi kuliondoa neno hilo zaidi kwa kulifanya kilio. Elizabeth Struthers Malbon, katika jarida lilo hilo mwaka 1991, alionyesha kwamba Marko ameweka wanawake wawili pande mbili za hotuba ya sura ya 13: mjane kabla yake, na baada yake mwanamke wa Bethania aliyempaka Yesu marhamu (14:3–9). Mmoja anatoa kidogo kilicho chote, mwingine anatoa kitu cha thamani kubwa, na kati yao Bwana anakwenda kutoa *bios* yake mwenyewe. Mjane basi anamtangulia Yesu katika njia ya msalaba, wakati wanafunzi bado wanastaajabia mawe. Kwa maoni yangu, sifa ya mjane na hukumu juu ya Hekalu hazishindani. Kadiri tendo lake lilivyo kuu, ndivyo lawama ya walioliacha litendeke bila kumuuliza habari za jioni inavyozidi kuwa nzito.

Lakini hayo bado ni mambo ya darasani. Lililo zito zaidi kwetu ni hili: katika hadithi hii mhubiri anasimama wapi? Watu wa leo hawasomi hadithi za Biblia kama watazamaji. Huzigawa kama watu wanaogawana sehemu katika mchezo wa kuigiza wa Krismasi. Mhubiri akihubiri juu ya mjane, sehemu ya mjane huwapa wajane, sehemu ya matajiri huwapa wafanyabiashara na wenye mishahara, na yeye mwenyewe hukalia kiti cha Yesu, karibu na sanduku. Nimesikia mara nyingi fungu hili likitumiwa kuhalalisha kusoma majina na kiasi cha ahadi mbele ya mkutano, kwa hoja kwamba Bwana naye aliangalia sadaka za watu. Ni kweli aliangalia. Ila hakumtangaza mtu: aliwaita wanafunzi wake kando, akanena nao. Na katika hadithi hii yumo mtu aliyevaa vazi refu, anayeombea kwa maneno mengi, anayesalimiwa sokoni kwa cheo chake na kuwekewa kiti cha mbele harusini. Mimi ninapovaa kanzu na kola siwezi kujifanya simjui huyo ni nani. Marko ametuandalia sehemu yetu waziwazi, nasi tumeiruka kwa kuanza kusoma aya tatu baadaye.

Desturi hiyo ya kukata haiishii kwa Marko. Malaki 3:10 kuhusu zaka na madirisha ya mbinguni imeandikwa juu ya bahasha nyingi za sadaka. Sijaona bahasha yenye Malaki 3:5, aya tano tu kabla yake, ambapo Bwana anakuja kuwashuhudia wale wanaomwonea mjane, yatima na mwenye kufanya kazi kwa mshahara. Vivyo hivyo mjane wa Sarepta (1 Fal 17:8–16). Siku hizi anahubiriwa ili kufundisha kwamba mtumishi wa Mungu alishwe kwanza. Lakini somo lenyewe linasema kwamba nabii alikula pamoja na mjane na nyumba yake siku nyingi, kutoka katika pipa lile lile la unga. Sadaka ilirudi jikoni mwake. Na sheria ya zaka katika Kumbukumbu la Torati 14:28–29 iliagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Mjane katika Torati yuko upande wa wanaopokea. Tukimkuta Hekaluni akitoa sarafu yake ya mwisho, tayari tunajua kwamba kuna mahali Torati imevunjwa.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulisikia jambo hili. Hoja 95 za mwaka 1517 huwa tunazikumbuka kila Oktoba kama hoja za msamaha wa dhambi, na ndivyo zilivyo, lakini zimejaa pia habari za fedha za maskini. Katika hoja ya 46 Luther anafundisha kwamba asiye na ziada yampasa kukiweka kile kinachohitajiwa na nyumba yake, asikimalizie kwenye vyeti vya rehema. Katika hoja ya 50 anasema kwamba Papa, kama angejua jinsi fedha zinavyotozwa, angeona afadhali kanisa la Mtakatifu Petro liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Na katika hoja ya 86 anaweka swali la walei: kwa nini Papa, aliye tajiri kuliko matajiri wote, asijenge kanisa hilo kwa fedha zake badala ya fedha za waumini maskini? Mtu akiyasema maneno hayo leo katika mkutano mkuu wa usharika wakati wa kujadili jengo jipya, ataambiwa anavunja moyo watu.

Wapo watakaosema kwamba kanisa haliwezi kuishi bila sadaka, na kwamba kule kujitegemea tulikohimizana tangu misaada ya nje ilipoanza kupungua kumewezekana kwa sababu ya akina mama hawa hawa. Ni kweli, na haifai kujibiwa kwa wepesi. Makanisa mengi ya vijijini yamesimama juu ya mayai, mikungu ya ndizi na debe la mahindi. Tena kumwambia mjane asitoe ni kumtukana. Atasikia kwamba hahesabiwi kuwa mmoja wetu. Napenda mnada wetu wa baada ya ibada kwa sababu hiyo: mayai matatu ya bibi hununuliwa kwa bei ya mayai 20, watu wanacheka, naye anaondoka ameheshimiwa, mzigo ukiwa umebebwa na wenye mifuko. Desturi hiyo, ambayo wageni wengine huiona kama soko kanisani, imelielewa fungu la Marko kuliko barua ya kumdai mjane malimbikizo ya ahadi. Na yale mazungumzo yanayosikika katika baadhi ya sharika, kwamba asiyekamilisha michango asizikwe na mchungaji, sijui yanaweza kusomwa katika sura ipi ya Marko isipokuwa hii.

Kwa wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa huduma ningependa jambo moja lifanywe kabla ya mahubiri yao ya kwanza ya mavuno. Walisome fungu hili kwanza pamoja na wajane wenyewe, si kwa ajili yao. Gerald West na wenzake wa Kituo cha Ujamaa huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, wamefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi, wakiketi na vikundi vya watu wa kawaida, na maandishi yao yanafaa kuwamo katika maktaba zetu. Lakini hata bila maandishi hayo, benchi na Biblia vinatosha. Kisha Jumapili ya mavuno somo lianzie 12:38 na lisiishie 12:44, lisomwe hadi mawe yaangushwe. Na mhasibu wa usharika, kabla ya kutangaza jumla ya mavuno, atangaze kwanza ni shilingi ngapi zilizotoka katika sanduku mwaka huu kwenda kwa wajane wa usharika, kama ile huduma ya kila siku iliyowafanya Mitume wachague watu saba (Mdo 6:1–6). Kama kiasi hicho hakijaandikwa mahali popote katika daftari, atangaze hivyo pia.